Kabla Hujatuma Mtaji, Muulize Mdogo Wako Ameshafika Halmashauri

Jumamosi asubuhi, chumba cha kufulia, ghorofa ya chini kabisa, Gateway Boulevard hapa Flemingdon Park. Mashine inazunguka, simu inalia. Ujumbe umeingia: "Kaka shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Nina wazo la biashara."

Unaujua huo ujumbe. Uwe unapaka rangi kwenye saiti hapa Toronto, unalea mzee wa watu kule Muscat au unafunga nondo Doha, umeshaupata. Wazo la biashara la mdogo wako lina bei, na bei hiyo unatakiwa kuilipa wewe.

Leo nataka tuzungumze kuhusu huo mtaji. Mimi ni mhasibu, nilisoma biashara chuo, na kazi yangu ni kuhesabu pesa za watu wengine. Lakini kwenye jambo hili mimi ndiye niliyeliwa kwanza. Basi nianze na ya kwangu.

Pikipiki ya dola 3,000

Mwaka 2021 nilimtumia mdogo wangu dola 3,000 za Kanada anunue pikipiki ya bodaboda. Kwa mtu anayelipwa dola 17 kwa saa kabla ya makato, hizo ni saa 176 za kazi. Hapo bado hujalipa kodi ya nyumba, nauli wala chakula.

Pikipiki ilikaa miezi minane. Kwanza ilianza kuazimwa na marafiki. Ikaja ajali ndogo, na bima ilikuwa imeisha bila mtu kuikata tena. Baadaye ikauzwa "kwa haraka kidogo" ili kulipia hospitali. Sikuwa na karatasi hata moja. Hatukukubaliana ni mkopo au zawadi. Mimi niliuona ni mkopo, yeye akauona ni msaada wa kaka. Hatukuongea karibu mwaka mzima, na mama akawa anapeleka salamu huku na kule kama posta.

Kosa halikuwa lake peke yake. Mimi ndiye mwenye shahada. Ningemfanyia mteja wangu jambo kama hilo, angenifukuza kazi.

Alipokuja na wazo la pili, safari hii kufyatua matofali ya saruji, moyo ulisita. Nilikuwa nawaza ninyamaze tu, nisijibu, hadi siku niliyokutana na Ate palepale chumba cha kufulia.

Jirani yangu Mfilipino na asilimia 10

Flemingdon Park ni mtaa wa maghorofa, mengi ya miaka ya 1960, na lifti moja inaweza kubeba lugha sita kwa safari moja. Majirani zangu wengi wanatoka Ufilipino. Huyu mmoja namwita Ate, maana yake kwao ni dada mkubwa. Analea wazee, na kila mwezi anatuma pesa nyumbani kama sisi.

Nikamwambia habari za mdogo wangu. Akacheka, maana na yeye ana wapwa. Akasema siku hizi kijana akimwomba mtaji, swali lake la kwanza ni hili: "Umeuliza kwenye barangay?"

Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya serikali kwao, kama mtaa au kijiji kwetu. Nilipokwenda kusoma nikakuta kitu cha maana. Mwaka 2015 Ufilipino ilipitisha Sheria ya Jamhuri namba 10679, ya kukuza ujasiriamali na elimu ya fedha kwa vijana. Mwaka uliofuata ikaja namba 10742, iliyosuka upya baraza la vijana la barangay, Sangguniang Kabataan. Vijana wa miaka 15 hadi 30 wanapiga kura. Wanaogombea ni wa miaka 18 hadi 24. Wanachagua mwenyekiti na wajumbe saba. Na baraza hilo halikai bure, kwa sababu asilimia 10 ya mfuko mkuu wa barangay inatengwa kwa ajili ya mipango ya vijana.

Sheria hiyo ina kifungu kingine kilichonifurahisha. Mgombea haruhusiwi kuwa ndugu wa karibu wa kiongozi aliyechaguliwa na ambaye bado yuko madarakani. Mtoto wa diwani asubiri kwanza. Waliandika hivyo kwa sababu wanajijua, na sisi pia tunajijua.

Sasa ile asilimia 10 ikanigonga kichwani. Nikajiuliza: hivi kwetu hakuna kitu cha namna hii? Kumbe kipo, na mimi mhasibu mzima nilikuwa nimekisahau.

Sheria inasemaje Tanzania

Kwa miaka mingi halmashauri zetu zilikuwa zinaelekezwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake na vijana, nusu kwa nusu. Yalikuwa maelekezo tu. Halmashauri iliyotaka ilitenga, isiyotaka ilikuwa na sababu zake.

Mwaka 2018 mambo yakabadilika. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Bunge liliongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Tangu hapo kutenga ni lazima kisheria. Mgawanyo wake ni huu:

- asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake
- asilimia 4 kwa vikundi vya vijana
- asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu

Mkopo hauna riba. Narudia kwa herufi za moyoni: hauna riba. Kanuni zake zilitoka mwaka 2019, na zimekuwa zikirekebishwa. Ndiyo maana mambo kama idadi ya wanakikundi na kikomo cha umri usiyachukue kwa mtu wa kijiweni. Mdogo wako akaulize mwongozo wa sasa.

Neno la kuzingatia ni "mapato ya ndani". Ni ushuru, leseni, ada na tozo ambazo halmashauri inakusanya yenyewe. Ruzuku kutoka Serikali Kuu haimo. Kwa hiyo jiji lenye biashara nyingi lina mfuko mnene, na wilaya ya pembezoni ina mfuko mwembamba.

Tupige hesabu ya mfano. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 5 kwa mwaka, asilimia 10 ni milioni 500, na sehemu ya vijana ni milioni 200. Ukigawa mikopo ya milioni 10 kwa kila kikundi, ni vikundi 20 tu kwa wilaya nzima. Pesa ipo, ila foleni nayo ipo. Anayefika na karatasi kamili ndiye anayepata nafasi ya kusikilizwa.

Aprili 2023: mlango unafungwa

Nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia sikutumii mtaji sasa hivi, tafuta wenzako, muunde kikundi, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alinuna. "Kaka, umesahau nyumbani kulivyo. Hizo pesa ni za watu wao."

Lakini akaenda. Wakawa vijana 10. Wakaandika katiba, wakasajili kikundi, wakafungua akaunti ya benki, wakaandika andiko la mradi wa matofali. Faili likawa tayari.

Halafu Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba mikopo hiyo inasitishwa ili utaratibu wake uangaliwe upya. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikuwa imeonyesha madudu: mabilioni ya shilingi hayajarejeshwa, na vikundi vingine ni hewa, majina kwenye karatasi bila watu wenyewe.

Mdogo wangu akanipigia usiku wa manane kwa saa za kwao. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikuambia." Jamani, neno moja linaweza kuuma kuliko tusi.

Siku hiyo nilikuwa na dola 2,000 kwenye akaunti ya akiba. Ningeweza kuzituma. Nilikaa kwenye basi namba 100 kutoka Broadview hadi nyumbani, kidole kiko kwenye kitufe cha kutuma. Sikutuma. Nilimwambia hivi: kikundi mnacho, msikivunje. Anzeni kuweka akiba wenyewe. Kila mtu shilingi 5,000 kwa wiki. Na mimi kila miezi mitatu nitaangalia daftari lenu, mnipigie picha kurasa zote.

Watu 10 mara 5,000 ni shilingi 50,000 kwa wiki. Inaonekana kidogo. Lakini mlango ulifungwa zaidi ya mwaka, na mpaka unafunguliwa walikuwa na zaidi ya milioni 3 za kwao wenyewe. Wakaanza na mashine ya mkono ya kufyatulia na mifuko michache ya saruji. Hawakusubiri serikali, wala hawakunisubiri mimi.

Mlango unafunguliwa tena

Mikopo ilirudi mwaka 2024. Safari hii Serikali ilichagua halmashauri 10 za majaribio zitoe mikopo kupitia benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma. Nyingine, kati ya halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, ziliendelea kutoa zenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa, wenye uhakiki zaidi wa kikundi kabla ya pesa kutoka.

Kikundi cha mdogo wangu kiliomba milioni 18. Kilipewa milioni 9. Nusu. Waliudhika, mimi nikafurahi, kwa sababu deni dogo linalolipika ni bora kuliko deni kubwa la kujivunia.

Angalia hesabu yake. Milioni 9 kwa miezi 24 bila riba ni shilingi 375,000 kwa mwezi. Kwa watu 10, kila mmoja 37,500. Sasa chukua milioni 9 hizohizo kwa mkopeshaji wa kausha damu anayetoza asilimia 5 kwa mwezi kwa deni lote. Riba peke yake ni 450,000 kila mwezi. Kwa miezi 24 ni milioni 10 na laki 8. Riba imepita mkopo wenyewe, na mtaji bado unadaiwa. Ndiyo tofauti ya kufuata sheria iliyopo na kukimbilia kwa jirani mwenye pikipiki nyekundu.

Sitaki nikudanganye kwamba yote ni asali. Wawili walijitoa njiani. Deni halijitoi na mtu. Wanane waliobaki wakawa wanabeba karibu shilingi 46,900 kila mmoja. Mwezi mmoja mvua ilinyesha mfululizo, matofali hayakukauka, wateja hawakuja, wakakaribia kushindwa kulipa. Nikatuma fungu la mdogo wangu tu. La kikundi kizima sikuligusa. Bado wanalipa hadi leo. Hawajawa matajiri. Lakini ile Jumamosi ya "nina wazo la biashara" sasa imekuwa Jumamosi ya "kaka, tumelipa".

Hatua kwa hatua: mdogo wako afanye nini

Mtumie orodha hii. Ukipenda, msomee kwa sauti.

1. Atafute wenzake anaowajua tabia. Kwa vijana na wanawake mkopo unapewa kikundi kilichosajiliwa. Kikundi cha majina ya kuazima ni mtego, kwa sababu mwisho wa siku wanaodaiwa ni waliopo.
2. Aende ofisi ya kata, amwone afisa maendeleo ya jamii. Huyo ndiye mlango. Aulize masharti ya sasa ya umri, idadi ya wanachama na tarehe za kupokea maombi.
3. Kikundi kiwe na katiba, usajili, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa.
4. Waandike andiko la mradi lenye hesabu. Mashine bei gani, malighafi kiasi gani, tutauza wapi, tutalipa kwa mwezi shilingi ngapi. Kurasa tatu za kweli ni bora kuliko kurasa 20 za kunakili.
5. Waanze kuweka akiba kabla ya kuomba. Daftari la akiba la miezi sita linasema mengi kuliko barua ya utambulisho.
6. Wasitoe hela ya "kufuatilia faili". Mtu akiiomba, waandike jina, tarehe na kiasi, wapeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri au TAKUKURU. Na wewe mdogo wako akikuomba dola 100 za "kumpa mtu", usitume. Ukilipa rushwa ukiwa Toronto, ni rushwa vilevile.

Wasomaji wa Kenya na Uganda

Hamjasahaulika, kila nchi ina mlango wake.

Kenya, Katiba ya 2010 inamtaja kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35, na kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua apate elimu, kazi na nafasi ya kushiriki kwenye siasa na uchumi. Mfuko wa Vijana ulianza mwaka 2006, Uwezo Fund ukazinduliwa 2013, na Hustler Fund tarehe 30 Novemba 2022. Huo wa Hustler unakopeshwa kwa simu kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya kila mkopo inaingizwa kwenye akiba ya mkopaji. Lakini jambo ambalo wengi hawalitumii ni zabuni. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti chake, AGPO, hakilipiwi. Kampuni ya vijana inatakiwa angalau asilimia 70 ya wenyewe wawe vijana, na uongozi wote uwe wa vijana. Mdogo wako anayeshona sare au kuuza vifaa vya ofisi aanzie hapo.

Uganda kuna Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Februari 2022. Kila parokia inapangiwa shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, na anayenufaika anapata hadi milioni 1 kupitia ushirika wa parokia. Hiyo haitoshi kufungua duka kubwa, lakini kwa kuku au mbegu inatosha kuanza.

Asiyekaa kwenye kikao haoni pesa

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunafikiri siasa za mtaa ni za wazee na wapenda sifa. Lakini ile asilimia 10 haishuki kutoka mbinguni. Inatokana na bajeti, na bajeti inajadiliwa na watu waliohudhuria.

Tanzania, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haalikwi kwa kadi, ni haki yake. Pale ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Mipango inaanzia kijijini au mtaani, inapanda kamati ya maendeleo ya kata, inafika baraza la madiwani, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Mdogo wako anaweza kwenda, akakaa nyuma, akasikiliza. Anaweza kumuuliza diwani: mwaka jana tulikusanya kiasi gani, asilimia 4 ya vijana ni shilingi ngapi, na vikundi gani vilipewa?

Swali hilo moja likiulizwa na vijana 10 wenye daftari, linabadilisha hali ya hewa ukumbini. Nimeambiwa na mdogo wangu mwenyewe, maana aliuliza. Hakupata jibu siku ile. Alirudi kikao kilichofuata, akauliza tena, akasomewa namba.

Mwenye miaka 21 anaweza kugombea uongozi wa mtaa au kijiji. Uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na unarudi kila miaka mitano. Zanzibar ilitunga sheria ya Baraza la Vijana mwaka 2013, na Tanzania Bara mwaka 2015, ingawa ile ya Bara ilikaa miaka mingi kwenye karatasi. Uganda iko mbele kidogo kwa hili: kila baraza la wilaya lina madiwani wawili wa vijana, na mmoja wao lazima awe mwanamke. Kenya, bunge la kaunti lina nafasi za kuteuliwa kwa makundi yaliyoachwa nyuma, vijana wakiwemo.

Ukilinganisha na Wafilipino, wao wamewapa vijana baraza na fungu lao. Sisi Tanzania tumewapa vijana fungu, ila kiti cha kulisimamia ni mpaka wakitafute wenyewe. Basi wakitafute.

Wewe huku ugenini fanya nini

Sisemi usimsaidie ndugu yako. Nasema badilisha nafasi unayosimama. Acha kuwa benki, uwe mdhamini wa akili na wa dharura.

*Kwanza, weka ahadi ndogo yenye mpaka.* Fungu la mdogo wangu lilipokuwa 37,500 kwa mwezi, kwa mfano wa shilingi 1,800 kwa dola moja ya Kanada, ni karibu dola 21. Nilimwahidi: ukikwama, nitakulipia miezi mitatu kwa mwaka, basi. Hizo ni dola 63, kinyume na 3,000 za pikipiki.

*Pili, chunga gharama ya kutuma.* Ada ya dola 4 kwenye dola 21 ni asilimia 19. Ada hiyohiyo kwenye dola 63 ni kama asilimia 6. Kwa hiyo usitume vidogovidogo kila wiki. Kusanya, tuma mara moja. Na usiangalie ada peke yake, angalia pia kiwango cha kubadilishia fedha. Kampuni inayosema "bila ada" mara nyingi inakula kwenye kiwango. Linganisha shilingi zitakazofika mkononi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la gharama ya kutuma kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Mpaka siku hiyo ifike, kulinganisha ni juu yako.

*Tatu, andikeni.* Ukurasa mmoja, hata kwa mkono: hii ni zawadi au mkopo? Kama ni mkopo, unalipwa lini na kwa nani? Unaweza kusema alipe kwa mama, shilingi 20,000 kila mwezi. Wote wawili mtie sahihi, mpige picha. Sio kwa sababu humwamini. Ni kwa sababu unataka muendelee kuongea.

*Nne, zile ulizookoa usizile.* Mimi dola 2,000 ambazo sikutuma siku ile ya Aprili ziko kwenye akaunti ya TFSA, ambayo faida yake haikatwi kodi hapa Kanada. Ndiyo pesa ya dharura ya mama. Alipougua, sikukopa kwa mtu.

Maswali ya simu ya Jumapili

Ujumbe ukiingia tena, usijibu "sina" wala "sawa". Uliza haya:

- Mko wangapi kwenye kikundi, na kimesajiliwa?
- Umeshamwona afisa maendeleo wa kata? Alisema nini?
- Mmeweka akiba ya wiki ngapi? Nitumie picha ya daftari.
- Fungu lako la marejesho kwa mwezi ni shilingi ngapi, na ukikwama utalitoa wapi?
- Mkutano wa kijiji au mtaa uliopita ulikwenda? Walisoma mapato gani?

Akijibu matatu kati ya matano, huyo ana biashara, msaidie. Asipojibu hata moja, mwambie kwa upole aanze na la kwanza, halafu akupigie mwezi ujao. Wadogo zetu si wavivu. Wengi hawajui kwamba mlango upo, kama mimi nilivyokuwa sijui mpaka nikaambiwa na mama wa Kifilipino mwenye kapu la nguo.

Jumamosi iliyopita nilimkuta tena palepale. Akaniuliza, "Yule mdogo wako vipi?" Nikamwonyesha picha: vijana wanane, nyuma yao safu za matofali zinakauka juani. Akaihesabu ile safu kwa kidole, kama anayekagua hesabu zangu, kisha akaniuliza bei ya tofali moja.